Jiko la Mlangoni mwa Ghala

1

Harufu niliyoisikia kwenye kiganja cha Tabitha Fungo ilikuwa harufu ya mafuta ya alizeti yaliyochacha. Sikukosea. Baba yangu, Mzee Tweve, alikamua alizeti kwa miaka thelathini, na chumba nilicholala utotoni kilipakana na mashine yake. Nilijua kutofautisha mafuta mazima na yaliyoharibika kabla sijajua kusoma.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nje, nyasi za uwanda wa Kitulo zilikuwa bado nyeupe kwa umande ulioganda, na ndani ya Ghala nilikuwa nafanya kazi isiyo yangu. Mimi ni mkemia, mahali pangu ni maabara. Lakini dawa ya Kibano ilikuwa imetufikia Ijumaa, masanduku matano yenye mihuri, baada ya miaka sita ya kuingoja, na mkurugenzi wetu, Dk. Mwakibete, alitaka kila mlalaji akaguliwe mwili mzima kabla hatujaanza kuwaamsha. Wauguzi hawakutosha. Nikajitolea kuchukua safu ya kwanza, vitanda kumi na viwili, na niliingia nikiimba. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nimeamua kuandika yote.

Lilikuwa ghala kweli hapo zamani, la mbegu za viazi, ndiyo maana watu wa Makete hawakuwahi kuliita jina lile refu lililoandikwa getini. Kibano kilipoingia nchini kilibana vifua vya watu mpaka pumzi ikakatika ndani ya miezi kumi, na tiba haikuwepo. Sisi tukasema wagonjwa walale kwenye baridi, wangoje dawa. Tukawalaza mia tatu na kumi na wawili. Nyuzi joto mbili tu, moyo unapiga mara moja kila dakika nne. Mtu wa kawaida angekufa pale kwa muda mfupi sana. Hawa hawakufa, kwa sababu ya mafuta niliyowatengenezea mimi.

Tabitha alikuwa kitanda cha nne. Miguu ilikuwa mizima, tumbo zima, mkono wa kushoto mzima. Mkono wa kulia, ulio upande wa stuli ya mgeni, ulikuwa na vidole vilivyojikunja kidogo. Nikavikunjua. Kiganja kiling'aa kwa unyevu, na ngozi yake ikateleza chini ya kidole changu ikabaki kwenye glavu. Ndipo harufu ikaja.

Kitanda cha tano, mkono wa kulia hivyo hivyo. Cha sita, hivyo hivyo. Cha saba alilala mwanamume kutoka Kigoma ambaye kwa miaka sita hakupata mgeni hata mmoja, na wafanyakazi wote tulimhurumia kwa hilo. Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima kabisa.

Kitanda cha tisa ni Obadia, mume wangu. Mikono mizima. Mama yake alishafariki, ndugu zake wako mbali, na mimi nilikuwa nikiingia mle kama mfanyakazi, na glavu zangu, natazama skrini yake, natoka. Nilijiambia nitamshika mkono siku akiamka.

Nilipomaliza cha kumi na mbili sikuwa naimba tena. Nikaenda kwenye meza ya mlinzi, nikaomba daftari la wageni, nikalifunua nikiwa nimesimama. Aliyetembelewa zaidi ndiye aliyeharibika zaidi. Nililipitia daftari mara mbili nikitafuta hata mmoja wa kunipinga, sikumpata.

2

Lazima niseme habari za jiko, kwa sababu niliyeliidhinisha ni mimi.

Huku kwetu mtu hampi mgonjwa mkono wa baridi. Ukitoka nje kwenye ukungu ukaingia kumjulia hali, unaota moto kwanza, ndipo unamgusa. Ukifanya vinginevyo wanakuona hukulelewa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wageni waliingia Ghalani wakasimama mbali na ndugu zao, mikono makwapani, hawajui waiweke wapi. Mzee Ayubu Fungo, mume wa Tabitha, mkulima wa pareto mwenye masikio makubwa na maneno machache, ndiye aliyenifuata maabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuwekee jiko la mkaa hapo mlangoni. Hii hali haipendezi. Nimekaa na mke wangu miaka ishirini na tisa, leo nimshike kwa mikono ya barafu?"

"Mzee, sisi tunahangaika kutafuta baridi, wewe unaniomba moto?"

"Moto ubaki nje huko huko. Mimi nitaingia na viganja tu."

Nilicheka. Nilimwona mjanja. Tukaweka jiko nje ya mlango wa pili, nikapima hewa ya ukumbi kwa wiki nzima, haikupanda hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Nikapima joto la vifuani mwa walalaji, halikupanda. Nikasaini kibali, nikajiona nimefanya jambo la utu. Hakuna aliyepima kiganja.

Miezi miwili baadaye Mzee Fungo alitoka ndani machozi yanamtiririka, akamkamata mlinzi mabegani. "Amenishika! Tabitha amenishika!" Alikuwa amekaa naye saa nzima, akitoka kila mara kuota moto na kurudi, na vidole vya mkewe vikajikunja juu ya vidole vyake. Alhamisi iliyofuata, siku ya wageni, watu watatu wengine walisema wameshikwa. Ikawa kila wiki. Sisi wataalamu tulitazama skrini zetu, hatukuona kitu kwenye ubongo, lakini nani angesimama mbele ya mama anayelia kwa furaha amwambie hakushikwa? Dk. Mwakibete akaliandika jambo hilo kwenye taarifa zake kuwa ni dalili njema. Foleni ya jiko ikafika getini. Watu walifundishana: pasha mpaka viganja viwe vyekundu, kaa muda mrefu, usikate tamaa, atakushika.

Na dawa ilipofika, mkurugenzi alipanga majina ya kuamshwa akianza na wale wanaoshika kwa nguvu. Wa kwanza kabisa, Jumamosi, alikuwa Tabitha Fungo.

3

Jikoni kwa mama yangu palikuwa na chupa mbili kwenye rafu moja, ya mawese na ya alizeti. Asubuhi ya mwezi wa sita mawese yamekaza, unayachota kwa kijiko. Alizeti yanamiminika tu. Kemia yote ya Ghala iko kwenye rafu ile.

Kila seli imezungukwa na utando, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Mafuta ya binadamu yamepimwa kwa joto la binadamu. Ukiyapoza yanakaza, na seli yenye utando uliokaza haiwezi kupitisha chumvi wala chakula, inakufa. Bakteria tuliowatoa kwenye mabaki ya barafu ya Kibo wana ujanja wao. Baridi ikizidi wanafupisha minyororo ya mafuta yao na kuitia bondi mbili, yaani kiungo maradufu, na kila penye bondi mbili mnyororo unapinda. Minyororo iliyopinda haipangiki, haishikamani, basi utando unabaki mlaini hata baridi iwe kali namna gani. Mimi nilichukua kimeng'enya chao, nikakifanya kifanye kazi hiyo hiyo ndani ya mwili wa mtu, polepole, kwa wiki tatu, huku tunampoza. Tulimgeuza mtu wa mawese akawa mtu wa alizeti.

Lakini alizeti yanachacha. Oksijeni inapenda mahali penye bondi mbili. Inaingia hapo hapo, inaukata mnyororo, na kipande kilichokatwa kinakwenda kuharibu jirani yake. Tulilijua hilo, sisi si wajinga. Tuliwatia walalaji vitamini ya kuzuia, tukajaribu kwa nguruwe. Nguruwe walilala siku arobaini, tukawapasha, wakaamka wakadai chakula. Tukapigiana makofi.

Baba yangu hakuwahi kuuza mafuta bila kuweka chupa ya shahidi. Kila mkamuo alijaza chupa moja ndogo, akaiandika tarehe, akaiweka rafuni bila kuigusa. Baada ya mwaka anaifungua na kuinusa. "Mafuta mapya yote ni mazuri," alikuwa akisema, "mimi nataka kujua ya mwaka." Mimi binti yake, niliyesomeshwa kwa mafuta hayo, niliwalaza watu mia tatu na kumi na wawili kwa ushahidi wa siku arobaini. Sikuweka shahidi. Kibano kilikuwa kinaua watu kila siku na kila mtu alikuwa anatuharakisha, lakini hiyo ni sababu, haiwezi kuwa udhuru.

Jumatatu ile ile mchana nilikata kipande cha ngozi kwenye kiganja cha Obadia, kidogo kuliko punje ya mchele. Nilimchagua yeye kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika. Kama mkono usioguswa ungevumilia joto, basi tatizo lingekuwa jiko tu. Tungelizima, tungepoteza viganja na kuokoa watu. Hilo ndilo nililokuwa naliomba. Nilikitia kipande kile rangi ambayo seli nzima huishika ndani na seli iliyotoboka huivujisha, nikakiweka chini ya darubini, nikaanza kukipasha.

Nyuzi kumi, rangi imetulia. Kumi na tano, imetulia. Kumi na tisa, seli moja pembeni ikaanza kutoa ukungu wa bluu. Ishirini na mbili, zote. Ilichukua dakika sita, na mume wangu alikuwa amenivujia chini ya darubini mpaka kioo kizima kikawa bluu.

Nikarudia na yule wa Kigoma. Nikarudia kwa kupasha polepole, usiku kucha, halafu kutwa nzima. Nikaongeza vitamini. Matokeo yalikuwa yale yale. Bakteria wa Kibo akihamia kwenye joto anatengeneza mafuta mengine, maisha yanaendelea. Seli za walalaji kwenye baridi ile hazitengenezi kitu. Ili zitengeneze mafuta mapya zinahitaji joto, na joto linazipasua kabla hazijatengeneza. Kitandani kwenye nyuzi mbili wako hai kabisa. Kwenye nyuzi kumi na tisa wanaanza kufa. Hakuna njia inayopita katikati, na niliitafuta mpaka Jumatano saa nane mchana, nikaacha.

Kabla ya kuzima darubini nilipasha kipande kimoja cha mwisho, cha msuli mdogo wa kiganja. Nilitaka kujua habari ya kushika. Utando ulipotoboka, kalsiamu iliingia ndani ya msuli, na msuli ukajikunja. Mbele ya macho yangu, ukiwa peke yake juu ya kioo, ukajikunja.

4

Dk. Mwakibete ni mtu mwema. Naliweka hilo mbele kwa sababu watu wengi wanataka aonekane mbaya, mimi nikiwa mmojawapo siku zile.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Alisoma vipimo vyote, akarudia kurasa mbili, akavua miwani akaiweka juu ya orodha ya Jumamosi.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, daktari."

"Jumamosi tutaiahirisha. Nitasema dawa inakaguliwa upya. Na mwezi ujao nitasema jambo jingine."

"Mpaka lini?"

"Edina, dada yangu, hebu fikiri. Kesho ni Alhamisi. Watakuja watu mia mbili, wataota moto, wataingia kukaa na watu wao. Saa sita watarudi nyumbani wakiwa na nguvu ya wiki nzima. Ukiwaambia, kesho hiyo hiyo wamefiwa wote kwa pamoja. Usipowaambia, hakuna anayeumia. Walalaji hawasikii kitu, wewe mwenyewe umepima ubongo wao."

"Mikono inaoza, daktari."

"Tutaifunga bendeji. Tutasema ni utaratibu mpya."

"Halafu nini? Tunawaweka mpaka lini? Tuwafiche mpaka wajukuu wao?"

"Labda atatokea mtu akapata njia."

"Mtu huyo ningekuwa mimi," nilimwambia. "Hakuna mwingine duniani anayeyajua mafuta yale. Nakwambia njia haipo."

Akavaa miwani, akalitazama dirisha. Nje mtu alikuwa anapeleka ng'ombe kwenye josho, na mbwa wake akimzunguka. "Nilimpigia simu Mzee Fungo mwenyewe," alisema. "Ijumaa ile. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama mkewe akiamka ataruhusiwa kula kondoo. Nikamwambia aanze na mchuzi."

Nilimchukia kwa kunisimulia hivyo, maana alijua anachofanya. Nilitoka bila kuaga. Njiani kurudi maabara nilijaribu kwa moyo wote kukubaliana naye. Ingekuwa rahisi. Mimi pia nilikuwa na mtu mle, mimi pia ningeweza kuendelea kuwa mke wa mtu aliyelala.

Siku tunamlaza Obadia, alikuwa wa kwanza kabisa, kwa sababu wengine waliogopa na mimi ndiye niliyemwomba awaondolee hofu. Alikuwa fundi wa redio, anakohoa katikati ya kila sentensi, na bado anatania. "Basi mke wangu, baba yako atakucheka ukinichachisha," alisema. Wauguzi walicheka. Nilicheka kuliko wote.

5

Alhamisi asubuhi nilitangulia mlangoni kabla ya wageni, nikamwagia maji lile jiko. Lilifoka mvuke mrefu. Nilikuwa sijalala vizuri na nilikuwa na hasira, na sikujua nina hasira na nani.

Walipofika walilikuta linachuruzika. Wakasimama na makoti yao na skafu zao, mikono wameinyoosha kwa mazoea kuelekea kwenye makaa yasiyokuwepo. Mzee Fungo alikuwa mbele. Alikuwa amenyoa ndevu, na alibeba mfuko wenye sweta jipya la buluu; ncha ya uzi ilikuwa bado inaning'inia.

"Nani kazima?" mama mmoja aliuliza.

"Mimi," nikasema. "Naombeni mnisikilize."

Nikawaambia. Sikutumia maneno makubwa. Niliwaambia habari ya mawese na alizeti, na wote walielewa, kwa kuwa wote wana rafu. Niliwaambia kwamba walalaji hawataamka, kwamba dawa imefika lakini hakuna joto la kuwapashia, na kwamba kosa ni langu. Niliwaambia habari ya viganja. Hapo nilisikia sauti yangu inapungua, nikajilazimisha kuipandisha ili wa nyuma wasikie.

Hawakupiga kelele kama nilivyotarajia. Mama mmoja alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Wengine waligeuka wakaanza kuondoka, wakikanyaga polepole. Mwanamke aliyekuwa akimtembelea dada yake alinisogelea, akanitazama sana, kisha akanitemea mate kifuani. Sikujifuta.

Dk. Mwakibete alitokea kwenye kibaraza cha ofisi yake, akaona, akajua. Akarudi ndani na kufunga mlango.

Mzee Fungo alikuwa bado amesimama. "Nimeshapaka nyumba chokaa," alisema, si kwa kulalamika, kama mtu anayejipa taarifa mwenyewe. Akahamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu. "Na kunishika?"

Nilijua swali hilo litakuja. Nilikuwa nimekesha nalo. Ningeweza kusema sijui, na kwa mtu wa sayansi neno hilo ni halali kila siku.

"Ni kalsiamu, mzee. Ni aina ya chumvi. Utando ukitoboka inaingia kwenye msuli, msuli unajikunja. Hata msuli uliokatwa unafanya hivyo. Hauhitaji mtu ndani yake."

"Hauhitaji mtu ndani yake," alirudia.

"Samahani, mzee wangu."

"Kwa hiyo kila aliponishika nilikuwa namuunguza."

"Kiganja tu, mzee. Na jiko niliruhusu mimi. Ni mimi."

"Hapana, jiko niliomba mimi." Alisema kwa ukali kidogo, kama anayekataa kunyang'anywa kitu chake. "Wewe nawe wako yumo humo."

"Yumo. Kitanda cha tisa."

"Umewahi kumshika?"

"Hapana."

"Hata siku moja? Miaka sita?"

"Nilisema nitamshika akiamka."

Mzee Fungo akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo lilinichoma kuliko yale mate. "Basi, mwanangu, hujui," alisema.

Akapiga magoti mbele ya jiko. Akayamwaga makaa yaliyolowa, akalipangusa jiko kwa ncha ya koti lake, akachota makavu kwenye gunia la mlinzi, akayapanga moja moja. Yule mama aliyekaa chini aliinuka, akamletea karatasi na kiberiti bila kuambiwa. Moto ulikuwa mgumu kushika kwenye ukungu ule, akaupuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Nilikuwa na mamlaka ya kumzuia. Kibali kilikuwa changu, mlango ulikuwa wangu. Nilisimama pale nikijiuliza viganja vile navitunza kwa ajili ya siku gani, na sikuipata siku hiyo. Wiki iliyopita mkono wa Tabitha ulikuwa na kazi ya kufanya Jumamosi. Leo haukuwa na kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa kushikwa. Nikasogea pembeni.

Makaa yalipowaka aliota moto, akageuza viganja huku na huku kama kawaida yake, akaingia. Waliobaki, hawakuzidi thelathini, wakajipanga foleni. Hakuna aliyenisemesha. Wa mwisho alipoingia, jiko lilibaki peke yake na mimi.

Nilivua glavu. Nilizikunja vizuri nikaziweka mfukoni, maana sikuwa na haraka ya kufanya kinachofuata. Niliota moto mpaka viganja vikauma.

Ndani palikuwa kimya, ukiacha mashine za baridi na mtu mmoja anayeongea chini kwa chini kwa Kikinga. Niliivuta stuli ya kitanda cha tisa. Kiti kilikuwa kipya kabisa, hakikuwahi kukaliwa. Nikaushika mkono wa Obadia kwa mikono yangu yote miwili, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimesahau kovu la kidole gumba, la waya wa kuchomea. Nililala ubavuni mwa mkono ule miaka minane na nilikuwa nimelisahau.

"Nimekuchachisha, baba Obadia," nilimwambia. Hatukuwa na mtoto. Tangu tuoane nilimwita hivyo kwa utani, baba yake mwenyewe. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Nilitoka kuota moto, nikarudi. Nikatoka tena, nikarudi. Kwenye skrini moyo wake ulipiga, ukanyamaza dakika zake nne, ukapiga. Mara ya tatu nilipomshika, kidole cha shahada kilisogea. Kisha cha kati. Kisha vyote vikajikunja, polepole, vikakaza juu ya vidole vyangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea, na kile kidole gumba chenye kovu kikaja juu kikanifunga.

Mafuta yale niliyatengeneza mimi. Nilijua kitu gani kinavunjika mle ndani, kwa mpangilio gani, kwenye nyuzi ngapi. Nilijua kwamba kila dakika ninayokaa inaharibu ngozi ambayo kwa miaka sita ilikuwa nzima kwa sababu tu sikumgusa. Sikuutoa mkono wangu. Nilikaa mpaka mlinzi alipogonga kengele ya saa sita ya kuwatoa wageni, na ilibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja ili niondoke.

Mzee Fungo alikuwa mlangoni, anafunika jiko kwa majivu ili lisizime kabla ya Alhamisi ijayo, jambo lisilowezekana. Mfuko wake ulikuwa mtupu. Sweta alikuwa ameliacha ndani.

"Amenishika," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kunipisha nipite.